Mhariri, "gripe" si mshiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie neno moja tu la Kiingereza, ambalo gazeti lako lililitafsiri vibaya wiki iliyopita katika habari ya michezo iliyohusu mashabiki wa mpira wa Uingereza. Habari ile ilisema kwamba "mshiko mkubwa wa mashabiki hao ni bei ya tiketi." Mimi nina duka la dawa muhimu huku Mbagala, na mbele ya duka kuna benchi ambalo vijana wa bodaboda hulikalia wakisubiri abiria, kwa hiyo gazeti langu husomwa na wao kabla yangu. Siku hiyo walibishana karibu nusu saa. Mmoja alishikilia kwamba mashabiki wa Ulaya wanalipwa kwenda uwanjani, kwa kuwa mshiko, kama ajuavyo kila mkazi wa jiji hili, ni fedha, mwingine akasema huenda wanarudishiwa nauli, wa tatu, ambaye ndiye mtulivu wao, akaingia dukani na gazeti mkononi akaniuliza, "Mzee, hivi hawa watu wanalalamika au wanafurahi?"

Wanalalamika, nilimjibu, au tuseme kwa usahihi zaidi, wananung'unika. Sikuwa nimeiona habari ya Kiingereza iliyotafsiriwa, lakini sikuhitaji kuiona ili nijue kwamba neno lililokuwamo ni "gripe", ambalo katika Kiingereza cha kila siku ni nung'uniko: lile jambo linalomkera mtu, ambalo hulisema kazini, hulirudia nyumbani, na kesho yake hulianza upya bila kulipeleka mahali popote litakapoamuliwa. Aliyeitafsiri habari ile, awe mtu au awe mashine, alilichimba neno hadi kwenye mzizi wake, akaukuta mkono unaoshika, akadhani amefika. Kwa upande wa asili ya neno hakukosea hata kidogo, ila tu alichelewa kwa karne kadhaa.

Niruhusu nieleze, maana safari ya neno hili nimeifuatilia kwa miaka mingi kutokana na chupa moja iliyoko rafuni mwangu, ambayo nitaifikia baadaye kidogo.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "gripan" ambacho irabu yake i ilitamkwa kwa kuvutwa, na maana yake ilikuwa kushika kwa nguvu, kukamata, kunyakua. Ndugu zake bado wako hai katika lugha za jirani: Wajerumani wana "greifen" na Waholanzi wana "grijpen", nao wote wanaongelea mkono unaoshika kitu. Katika Kiingereza chenyewe ukoo huo ulizaa pia neno fupi "grip", ambalo ndilo mafundi wetu wa magari wanalolisikia kila siku katika habari za matairi. Tofauti ya matamshi kati ya maneno haya mawili inatokana na jambo lililokipata Kiingereza chote kati ya karne ya 15 na ya 18, ambapo irabu ndefu zilihama kutoka mahali pake. Kila i iliyovutwa ikageuka polepole kuwa "ai", huku maandishi yakibaki vilevile. Ndiyo maana mtoto wa shule anaona "time" lakini anafundishwa kusema "taim", na ndiyo maana "gripe" husomwa "graip" ilhali "grip", ambayo irabu yake ilikuwa fupi tangu mwanzo, haikuguswa na mageuzi hayo.

Mkono huo haukukaa mkononi muda mrefu. Kitu chochote kinachomkamata mtu kisimwachie kilianza kusemwa kwa neno hilohilo, na enzi za Shakespeare Waingereza walikuwa wameshazoea kusema kwamba huzuni inaushika moyo namna hiyo. Wafaransa, ambao kitenzi chao cha kunyakua kinatokana na mzizi uleule wa Kijerumani, waliupa ugonjwa wa mafua makali jina la "grippe", yaani ule unaokamata. Hapa msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa sisi nasi tunasema homa imemshika, mafua yamemkamata, na hakuna anayetuuliza mafua yana mikono mingapi.

Kisha, yapata mwaka 1600, neno likashuka tumboni. Waingereza walianza kuliita kwa jina hilo lile umivu la utumbo linalokuja, linabana, linaachia kidogo, halafu linabana tena. Sisi tunasema tumbo linanisokota, na umivu lenyewe tunaliita msokoto. Kina mama wengi wa Pwani, likimpata mtoto mchanga, huliita chango. Napenda kuzilinganisha picha hizi mbili. Mwingereza aliuona mkono unaokamua utumbo kama mtu anayekamua nguo, na Mswahili akauona mkono unaosokota, kama mtu aliyekaa barazani anasokota kamba ya usumba. Mkono upo katika lugha zote mbili, na umivu ni lilelile.

Na hapo ndipo inapoingia ile chupa. Kila mzazi aliyelea mtoto Dar es Salaam anaifahamu, au walau analifahamu jina lake, ambalo wateja wangu hulitamka "graipwota" kana kwamba ni neno moja la Kiswahili. Dawa hiyo ilitengenezwa Uingereza na mfamasia aitwaye William Woodward mwaka 1851, na jina "Gripe Water", yaani maji ya msokoto, likasajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka 1876. Ya mwanzoni ilikuwa na mafuta ya mmea wa shibiti, ambao ni wa jamii moja na giligilani, pamoja na bikaboneti ya sodiamu, sukari, maji, na pombe kiasi cha asilimia 3.6, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini watoto wa Kiingereza wa zama zile walinyamaza haraka. Pombe hiyo baadaye iliondolewa. Jina halikubadilika, na kwa sababu ya jina hilo neno la Kiingereza cha kale linatamkwa leo Mbagala saa tano za usiku na mtu ambaye hajawahi kusoma Kiingereza.

Nasema saa tano za usiku kwa kuwa nina mfano. Mwezi uliopita, wakati nateremsha shata, alikuja mama mdogo, kanga mbili mwilini, mtoto wa wiki tano au sita begani. Mtoto alikuwa amekunja magoti hadi tumboni na uso umemwiva, analia ule mlio usio na machozi. "Shikamoo baba, naomba graipwota, tangu magharibi hajanyamaza." Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia ninachowaambia wote: mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapewi, kwa hiyo amweke begani, amsugue mgongo, na kukipambazuka aende kliniki, homa au kutapika vikijitokeza, asingoje kupambazuke. Hakufurahi. Alisimama pale akimbembeleza mtoto, mtoto analia, na yeye mwenyewe akisema chini kwa chini, si kwangu wala kwa mtu yeyote, kwamba baba yake mtoto yuko kazini, kwamba mawifi wamelala, kwamba kila siku ni yeye tu. Nilisimama na kufuli mkononi nikawaza kwamba maana zote mbili za neno lile la Kiingereza zimesimama mbele yangu zimebebana: mtoto ana msokoto wa tumbo, na mama ana nung'uniko. Baada ya muda mtoto alicheua, akalala, na mama naye akanyamaza.

Kutoka tumboni hadi kinywani haikuwa safari ndefu, ingawa ilichukua karne tatu. Maana ya kunung'unika ilianza kuandikwa Marekani katika miaka ya 1930, kama lugha ya mitaani, kisha ikaenea kwa wasemaji wote wa Kiingereza, hata leo hakuna anayeiona kuwa ya mtaani. Mantiki yake ni nyepesi ukishaupita utumbo: mtu ambaye jambo linamsokota ndani kwa ndani hatimaye atatoa sauti, na sauti hiyo ikaitwa kwa jina la umivu lililoizaa. Ninaamini, Mhariri, kwamba mtafsiri anayeijua hatua hii ya katikati hawezi kamwe kuandika "mshiko", maana atajua kwamba mkono uliachwa nyuma zamani na kilichobaki ni tumbo.

Kuna atakayeniuliza mbona basi tusiseme "malalamiko" tu tukamaliza. Swali ni halali, na jibu lake liko ndani ya Kiingereza chenyewe, ambacho kina neno jingine kwa ajili ya malalamiko, nalo ni "complain". Neno hilo lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni kitenzi "plangere", yaani kujipiga, hasa kujipiga kifua kwa majonzi kama wafanyavyo waombolezaji. Ni tendo la hadharani. Anayejipiga kifua anataka aonekane na asikike, na ndiyo sababu Waingereza walilitumia neno la mzizi huohuo kumwita mtu anayefungua madai mahakamani. Sisi tumepita njia hiyohiyo kwa miguu yetu wenyewe: "shtaki" tulilipata kutoka Kiarabu, na huko kitenzi "ishtaka" maana yake ya kwanza ni kulalamika, kusema unachoumwa nacho, liwe umivu la mwili au dhuluma ya jirani. Leo mshtakiwa anasimama kizimbani kwa neno ambalo mwanzoni lilikuwa kilio tu cha mtu aliyeumia. Na katika jalada lilelile la mahakama utamkuta pia mlalamikaji na mlalamikiwa. Kulalamika, kwa hiyo, kwa Mwingereza na kwa Mswahili, kuna anwani: kuna ofisi, kuna dawati, kuna sanduku lenye kufuli kando ya mlango, kuna mtu anayetarajiwa kujibu.

Hata madaktari wanalitumia hivyo. Kwenye madaftari ya wagonjwa wanaokuja dukani kwangu, mstari wa kwanza wa daktari huwa na herufi C na O zilizotengwa na mkwaju, yaani alama ya /, ambazo ni kifupi cha kusema kwamba mgonjwa analalamikia jambo fulani: kichwa, kifua, tumbo. Wateja wengi hudhani ni jina la dawa. Kumbe ni kilio chao wenyewe kimepewa herufi mbili ili kipate kupokelewa rasmi.

Nung'uniko halina herufi wala dawati. Panda daladala ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo saa moja asubuhi utaelewa ninachosema. Konda amening'inia mlangoni anasema rudi nyuma, nyuma kuna nafasi, ilhali nyuma hakuna nafasi hata ya kuweka kikapu. Hakuna abiria anayepiga kelele. Mmoja anaguna. Mwingine anasonya, msonyo mrefu wa kuvutia hewa kwenye meno ambao wageni hawawezi kuuiga. Mama wa dirishani anasema kwa sauti ya kujisikilizisha mwenyewe, "Haya, tumeshakuwa dagaa." Gari linakwenda, watu wanashuka, na kesho saa moja wote wako palepale na maneno yaleyale. Hiyo ndiyo "gripe" ya Mwingereza, na sijui kama lugha yake ina kitu cha kulingana na msonyo. Sikiliza na neno letu lenyewe: nung'unika linasemwa kwa pua, mdomo ukiwa karibu umefungwa, jirani kabisa na nong'ona, na kwa masikio yangu sauti ya neno ni sehemu ya maana yake.

Mwanangu wa pili, ambaye ni mwalimu na hapendi kushindwa, alipendekeza "kero". Nilikataa mwanzoni, nikakubali nusu baadaye, na ni haki niieleze nusu hiyo. Kero ni kitu chenyewe kinachoudhi: shimo la barabarani ni kero, mgao wa maji ni kero, hata kabla mtu hajafungua kinywa. Nung'uniko ni lile linalotoka kinywani kwa sababu ya kero. Waingereza, bahati mbaya kwa wanaopenda mistari iliyonyooka, hulitumia neno lao kwa vyote viwili, kwa sauti na kwa sababu ya sauti. Kwa hiyo katika sentensi iliyozua mjadala wa bodaboda, "kero kubwa ya mashabiki ni bei ya tiketi" ingekuwa tafsiri safi kabisa, pengine safi kuliko yangu. Lakini habari ikisema kwamba mashabiki walikuwa wakifanya tendo hilo njia nzima wakati wa kurudi nyumbani, hapo kero haifai, maana watu hawakero, watu wananung'unika.

Alipendekeza pia "dukuduku", na hilo nalikataa lote. Dukuduku ni lile lililobaki moyoni bila kusemwa, na ndiyo maana tunamwambia mtu atoe dukuduku lake; likishatoka si dukuduku tena. Vivyo hivyo fundo la moyo, ambalo ni zito zaidi na lina uadui ndani yake. Mtu mwenye fundo hakuambii kitu, anakusubiri. "Gripe" haina uadui. Mtu anaweza kunung'unika juu ya timu yake mwaka mzima na bado akawa wa kwanza kununua jezi mpya, kama tunavyowaona wa kwetu hapa kila ligi inapoanza, na sihitaji kutaja rangi za jezi hizo.

Jambo jingine ninaloliona katika kurasa zako, na si za michezo peke yake, ni kwamba maneno ya Kiingereza yenye historia ya mwili ndiyo yanayotafsiriwa vibaya mara nyingi. Anayefasiri huuona mkono, mguu au kichwa, akauleta kama ulivyo, asijiulize kama Mswahili huihisi hali hiyo katika kiungo kile. Sisi hasira tunaiweka kwenye nyongo, uchovu wa kusema tunauweka kinywani, na unyonge tunauweka kwenye roho. Hapa kwa bahati nzuri tumbo letu na tumbo la Mwingereza limekubaliana, kwa hiyo hata mtu angeamua kuandika kwamba jambo fulani "linawasokota mashabiki" angeeleweka vizuri, na sentensi ingekuwa na ladha ambayo malalamiko hayana. Mimi ningelichagua hilo kwa makala ya kuchangamsha, na kwa habari ya kawaida ningebaki na nung'uniko au kero, kufuatana na mahali neno lilipokaa. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 kwa ajili ya maswali ya namna hii, na simu moja kutoka chumba cha habari isingechelewesha gazeti kwenda mtamboni.

Ninachoomba ni masahihisho ya mistari miwili katika toleo lolote la wiki hii, kwenye ukurasa uleule wa michezo, kwa maandishi ya kuonekana. Kipande kile cha gazeti vijana wamekikata wakakibandika kwenye nguzo kando ya benchi, na tangu siku hiyo kila abiria akilalamikia nauli humwonyesha na kumwambia aende Uingereza, huko abiria ndiye anayepewa mshiko. Juzi mmoja wao alikuja kuniuliza, kwa sura ya mtu asiyetania, viza ni kiasi gani.

Wako msomaji,
Muuza dawa,
Mbagala, Dar es Salaam